Konfigurasheni nyingi ndani ya asembli moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayokutana nayo kila mara mtu anapoanza kuunda asembli, yaani modeli ya kompyuta ya vipande vilivyounganishwa pamoja, kwa bidhaa yenye sura nyingi: mashine ile ile kwa urefu tofauti, kwa mota tofauti, kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Mifano mingi ni ya SolidWorks, programu ya kusanifu mashine kwa kompyuta, kwa sababu ndiyo ninayoshinda nayo kutwa, lakini matatizo ni yale yale kwenye programu nyingine, na nimetaja zinakotofautiana.

Konfigurasheni ya asembli ni kitu gani hasa?

Ni sura moja ya asembli, imehifadhiwa kwa jina lake ndani ya faili lile lile. Kila sura ina kumbukumbu yake: kipande gani kipo na kipi hakipo, kilichopo kinatumia konfigurasheni yake ipi, na meti zipi zinafanya kazi, kwa kipimo gani. Meti ni yale masharti yanayofunga vipande pamoja, kama vile uso huu ugusane na ule, au shafti hii ikae katikati ya tundu lile.

Mimi hujiuliza swali moja kabla ya kuunda nyingine: je, mtu anaweza kuagiza kitu hiki kwa jina hili? Kama fundi akipewa mchoro wenye jina hilo ataunda kitu kamili, basi inastahili. Jaribio la jana halistahili, wala nakala uliyoiweka pembeni kwa hofu ya kuharibu kazi. Majaribio hufanyiwa kwenye nakala ya faili, na kazi ya kutunza historia ni ya mfumo wa kudhibiti mafaili. Nimefungua asembli zenye konfigurasheni zinazoitwa «mpya», «mpya2» na «ya mwisho kabisa», na ikabidi nitumie siku nzima kutafuta ni ipi iliyokwenda karakanani.

Kuzima kipande na kukificha kuna tofauti gani?

Tofauti ni kubwa, na makosa mengi huanzia hapa. Kipande kilichofichwa bado kipo. Kimepakiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, meti zake zinavuta vipande vingine, kinaweza kuhesabiwa kwenye uzito, na kinatokea kwenye orodha ya vipande. Ni macho yako tu ambayo hayakioni. Kipande kilichozimwa kimeondolewa katika sura hiyo: hakipakiwi, hakina uzito, hakimo kwenye orodha, na meti zote zinazokigusa zinazimika pamoja nacho.

Kwa hiyo, kama bidhaa fulani haina kinga ya mkanda, zima kinga. Kama bidhaa ina kinga ila unataka kuonyesha puli zilizo nyuma yake, ifiche. Ukibadilishana haya mawili, utaagiza kinga isiyohitajika, au utakosa ile inayohitajika.

Kuna chaguo la tatu ambalo watu hulisahau: kukiacha kipande kikionekana huku ukikitoa kwenye orodha ya vipande. Hilo linafaa kwa vitu kama mzigo wa mfano au sakafu uliyoichora ili kupima nafasi. Lisitumike kwa kipande cha kweli, hata kwa muda.

Je, kila tofauti inahitaji konfigurasheni yake?

Hapana. Tofauti ziko za aina tatu, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni tofauti ya bidhaa: vipande vimebadilika au vipimo vimebadilika. Hiyo ndiyo kazi ya konfigurasheni.

Ya pili ni tofauti ya mkao. Silinda iliyofunguka na iliyofunga ni silinda ile ile, yenye vipande vile vile na uzito ule ule. Inventor ina hifadhi ya mikao iliyotengwa na sura za modeli, NX ina mipangilio yake ya mikao, na Solid Edge imetenganisha waziwazi familia ya asembli na asembli za mikao mbadala. SolidWorks ndiyo inayotumia konfigurasheni kwa mambo yote mawili, na hapo ndipo mtu anajikuta ana «fupi», «ndefu», «imefunguka» na «imefunga» kwenye orodha moja. Ukilazimika kufanya hivyo, weka mkao kama konfigurasheni tanzu chini ya bidhaa yake. Tanzu hurithi kila kitu kutoka kwa mzazi isipokuwa kile ulichokibadilisha kwa makusudi, kwa hiyo ukirekebisha bidhaa, mikao yake yote inafuata.

Ya tatu ni tofauti ya muonekano: rangi kwa ajili ya picha, kipande chenye uwazi, vitu vilivyofichwa. Hapa tumia hali za muonekano. Hazihitaji modeli ijengwe upya, kwa hiyo kuhama kutoka moja hadi nyingine ni papo kwa papo.

Programu yangu haina neno «konfigurasheni». Nitafute wapi?

Creo ina majedwali ya familia, yaliyokuwapo tangu ilipoitwa Pro/ENGINEER: modeli mama moja na wanafamilia wanaotokana nayo. Inventor kwa muda mrefu ilitumia iAssembly, ambayo huzalisha faili la pekee kwa kila mwanafamilia. Toleo la 2022 likaleta sura za modeli zinazokaa ndani ya faili moja. FreeCAD hutumia jedwali la konfigurasheni ndani ya laha yake ya hesabu, na toleo la 1.0 la mwaka 2024 lilikuja na sehemu yake ya kuunda asembli.

Onshape imechukua njia yake, na naipenda. Badala ya kuorodhesha kila mchanganyiko, unatengeneza machaguo yanayojitegemea: orodha ya urefu, orodha ya mota, kisanduku cha kuweka au kutoa kinga. Programu ndiyo inayochanganya. Ubora wa njia hii utauona kwenye swali linalofuata.

Nina machaguo mengi. Niunde konfigurasheni ngapi?

Piga hesabu kabla hujaanza. Mkanda wa kusafirishia mizigo wenye urefu wa aina 3, upana wa aina 4, mota za aina 2 na kukaa kwa mota kulia au kushoto una michanganyiko 3 × 4 × 2 × 2, yaani 48. Ongeza aina 5 za miguu, unafika 240. Hakuna mtu atakayekagua sura 240 kwa mkono, na kama hazikukaguliwa si salama kuzipeleka karakanani.

Dawa ni kushusha uamuzi ngazi ya chini. Miguu ina aina tano? Iwe asembli ndogo yenye konfigurasheni tano, na fundi mchoraji aikague hapo ilipo. Asembli kubwa inachagua tu. Kisha juu kabisa unda zile zilizoagizwa kweli, si zote zinazowezekana.

Nilibadilisha kipimo kwenye moja, kikabadilika kwenye zote. Kwa nini?

Kwa sababu ya kichaguzi kidogo kilicho ndani ya dirisha la kubadilishia kipimo: konfigurasheni hii tu, zote, au zile utakazozitaja. Watu wanaandika namba na kubonyeza enta bila kukitazama.

Yalinikuta mwenyewe, na nitaeleza kwa namba kwa sababu namba ndizo zilizonifundisha. Fremu ilikuwa na konfigurasheni nne. Moja ilibeba mzigo mzito, ikahitaji mabamba ya mm 8 badala ya mm 6. Niliandika 8 huku chaguo likiwa «zote». Kiungo chenyewe kilikuwa mabamba mawili yaliyobanwa kwa bolti M8 ya urefu wa mm 25, washa juu na chini, na nati. Kwa mabamba ya mm 6 hesabu ni hii: 12 za mabamba, 3.2 za washa mbili, 6.8 za nati, jumla 22. Bolti inatokeza mm 3 juu ya nati, vizuri kabisa. Kwa mabamba ya mm 8 jumla ni 26. Bolti ya 25 haifiki hata juu ya nati.

Programu haikulalamika. Hakuna meti iliyokuwa nyekundu, yaani yenye alama ya kosa, na ukaguzi wa vipande vinavyoingiliana haukuonyesha jambo jipya. Ile konfigurasheni ya mzigo mzito nilikuwa nimeiwekea bolti ndefu, lakini zile tatu nyingine zilitoka na mabamba mazito na bolti fupi. Aliyegundua ni fundi aliyekuwa akikaza: alipitisha kidole juu ya nati na kukuta ncha ya bolti imezama ndani. Mabamba yalikuwa yameshakatwa yote.

Tangu hapo nina desturi mbili. Nikifungua dirisha la kipimo, jicho linaanza kwenye kichaguzi ndipo liende kwenye namba. Na unene wa bamba na urefu wa bolti inayolibana nimeviweka kwenye jedwali, safu mbili zinazokaa bega kwa bega, ili asiyeujua mradi aone kwamba kimoja kikisogea cha pili lazima kisogee.

Jedwali lenyewe linatengenezwaje, na ni lini linafaa?

Linafaa ukishavuka konfigurasheni nne au tano, au pale vipimo vinavyobadilika ni vingi. Kwenye SolidWorks jedwali la usanifu ni laha ya Excel iliyopachikwa ndani ya modeli. Majina ya konfigurasheni yanashuka kwenye safu ya kwanza kuanzia mstari wa tatu, na vichwa vya vigezo vinapita kwenye mstari wa pili. Kichwa `$STATE@kinga<1>` kinasema kama kinga ya kwanza ipo au imezimwa: R ni ipo, S ni imezimwa. Kichwa `$CONFIGURATION@mguu<1>` kinataja mguu huo utumie konfigurasheni ipi. Kipimo cha meti kinaandikwa kwa jina lake, mfano `D1@nafasi_ya_mota`.

Mfano wa mstari mmoja uliojazwa: «L2000-kulia», kisha 2000 kwenye urefu, R kwenye mota ya kulia, S kwenye mota ya kushoto, «mzito» kwenye mguu. Unausoma kama sentensi. Unapotazama mistari kumi iliyopangwa hivyo, kosa linajitokeza lenyewe, kwa mfano mstari wenye R kwenye mota zote mbili.

Ndiyo maana nasisitiza kuvipa vipimo na meti majina ya maana kabla ya kutengeneza jedwali. Jedwali lenye vichwa kama `D3@Distance14` halisomeki hata na aliyeliandika, wiki mbili tu baadaye.

Jambo moja la kuamua mapema: je, mabadiliko yaliyofanywa kwenye modeli yaruhusiwe kuingia kwenye jedwali, au jedwali liwe ndilo bwana na modeli ikatae? Kwenye timu ya watu wengi nachagua la pili. Mtu anayetaka kubadilisha analazimika kupita kwenye jedwali na kuona mistari mingine.

Nimeongeza kipande kwenye konfigurasheni moja, kikajitokeza kwingine. Au kinyume chake.

Kila konfigurasheni ina mpangilio wa sifa zake unaosema kipande kipya kilichoongezwa kwingine kishughulikiweje: kizimwe hapa au kiingie. Tabia hii inahifadhiwa kwa kila konfigurasheni peke yake, kwa hiyo mbili zilizo jirani zinaweza kuwa na tabia mbili tofauti. Pitia zote mara moja na uzilinganishe. Kwa asembli za bidhaa mimi naweka vipande vipya vizimwe, kwa sababu kipande kilichokosekana kwa kawaida hugunduliwa mapema kuliko kilichozidi.

Nikibadilisha konfigurasheni ya asembli kubwa, asembli ndogo haibadiliki.

Haibadiliki yenyewe. Majina kufanana hakutoshi. Kwamba asembli kubwa ina «L2000» na asembli ndogo ina «L2000» hakumaanishi zimefungamana. Lazima useme, kwa kila konfigurasheni ya juu, ile ya chini itakayotumika. Kwa mkono utafanya hivyo kwenye sifa za kipande, kwa wingi utatumia jedwali. Kama vipande vimezalishwa kwa safu ya marudio, angalia pia kama marudio yanafuata konfigurasheni ya kile cha kwanza.

Meti zinakuwa nyekundu kila nikihama. Nifanyeje?

Meti inashika uso au ukingo fulani, na uso huo umezaliwa na hatua fulani ya uundaji. Konfigurasheni ikizima hatua hiyo, uso umekufa na meti haina cha kushika. Chukua bamba lenye matundu ya M8 na matundu ya M10 yaliyochorwa kama hatua mbili, moja ikizimwa kulingana na sura. Bolti iliyoshika tundu la M8 itayumba mara tu ukihamia M10, hata kama matundu yote yako sehemu moja.

Njia ya kwanza ya kuondokana na hili ni kuchora tundu moja ambalo kipenyo chake ndicho kinachobadilika. Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoitegemea zaidi, ni kufunga meti kwenye bapa (nyuso tambarare za kurejelea tu, zisizo na unene) na mihimili ya rejea iliyoundwa mwanzoni kabisa mwa kipande, kabla ya hatua yoyote inayoweza kuzimwa. Bapa la mbele la kipande halifi.

Usiache meti nyekundu kwa kusema «hiyo konfigurasheni siitumii». Kama haitumiki, ifute.

Nimechora kipande ndani ya asembli, na sasa umbo lake linabadilika kila nikihama konfigurasheni.

Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote kwenye ukurasa huu. Ukichora mkono wa kubebea mota kwa kufuata kingo za fremu, umbo la mkono huo linategemea fremu. Fremu ikirefuka kwenye konfigurasheni nyingine, mkono nao unarefuka. Lakini kipande ni faili moja, na kama kina konfigurasheni moja, kina umbo moja tu kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni kwamba umbo litakalohifadhiwa ni la konfigurasheni uliyokuwa umeifungua mwisho. Mchoro wa mkono uliouchapisha asubuhi hautalingana na ule utakaouchapisha jioni, na hakuna aliyeugusa.

Kuna njia mbili safi. Unaweza kuupa mkono konfigurasheni zake zenye vipimo vyake wenyewe, ukakata utegemezi wa nje kabisa. Au unaweza kufunga utegemezi huo baada ya kuunda, ili usisasishwe tena, kisha ukaendelea na vipimo vya kawaida. Kuchora ndani ya asembli si kosa, kunasaidia sana mwanzoni kuona nafasi. Ila kabla asembli haijapata konfigurasheni ya pili, tafuta kila kipande chenye utegemezi wa nje na uumalize.

Vipande viwili tofauti vinatokea kama kimoja kwenye orodha ya vipande.

Kuna mipangilio miwili ya kuangalia. Kwenye kipande, kila konfigurasheni inachagua namba yake itoke wapi: jina la faili, jina la konfigurasheni, au namba uliyoiandika. Ikiachwa kwenye jina la faili, bolti ya urefu wa 25 na ya urefu wa 30 zinakuwa na namba moja. Kwenye jedwali la mchoro nako kuna chaguo la kuonyesha konfigurasheni za kipande kimoja kama mistari tofauti au kuziunganisha. Rekebisha upande wa kipande kwanza. Ukirekebisha mchoro peke yake, mchoro unaofuata utakosea tena.

Konfigurasheni ipewe jina gani?

Jina linalosema tofauti iliyopo, kwa mpangilio ule ule siku zote: urefu, upana, upande. Usibadilishe jina baada ya michoro kutoka, maana michoro na asembli za juu zinaishika kwa jina hilo. Na usiweke toleo la marekebisho ndani ya jina.

Faili limekuwa zito mno.

Angalia alama ya kujenga na kuhifadhi. Konfigurasheni yenye alama hiyo inajengwa upya na data zake kuhifadhiwa kila unapohifadhi faili, hata kama hukuifungua. Ikiwa zote zinayo, kila kuhifadhi ni kusubiri. Iondoe, ubakize kwenye zile unazozifungua mara kwa mara. Kwa asembli kubwa, tengeneza pia konfigurasheni moja iliyorahisishwa, isiyo na bolti wala nati, kwa ajili ya kuipachika kwenye mashine kubwa zaidi.

Ni lini niache konfigurasheni na nitengeneze mafaili tofauti?

Mafaili yanapokuwa na maisha tofauti. Konfigurasheni zote ziko ndani ya faili moja, kwa hiyo zina toleo moja na kufuli moja. Mwenzako akilichukua faili kurekebisha ile fupi, wewe huwezi kugusa ile ndefu. Na ile ndefu, ambayo haikuguswa, inapanda toleo pamoja na fupi. Mkaguzi atauliza kilichobadilika na huna jibu. Kama bidhaa mbili zinaidhinishwa na watu tofauti au kwa nyakati tofauti, zitenganishe.

Vipande vya kulia na kushoto huwa vinanipa shida kuamua. Kama ni kioo kitupu cha mwenzake, konfigurasheni tanzu inatosha. Kikianza kupata tundu lake la ziada, ninakipa faili lake.

Nikituma faili la STEP (muundo wa faili unaosomeka na programu nyingi), zinakwenda konfigurasheni zote?

Chukulia kwamba inakwenda ile iliyo wazi kwenye skrini tu. Fungua unayotaka, ijenge upya kikamilifu, toa STEP, kisha ifungue hiyo STEP yenyewe uitazame kabla ya kuituma. Andika jina la konfigurasheni kwenye jina la faili.

Nimerithi asembli yenye konfigurasheni arobaini. Nianzie wapi?

Hifadhi nakala kwanza, usiguse kitu. Kisha tafuta ni michoro ipi na asembli zipi zinazoitumia, na uandike majina ya konfigurasheni zinazotajwa. Mara nyingi utakuta hazifiki hata nusu. Zilizobaki zifute kutoka kwenye faili la kazi, moja moja, ukijenga upya kila baada ya kufuta.

Zile zilizosalia, zipitie zote kwa mpangilio mmoja: fungua, jenga upya, soma makosa, pima uzito, hesabu vipande, andika. Uzito ni kipimo kizuri kuliko watu wanavyodhani. Sura ndefu ikiwa nyepesi kuliko fupi, kuna kitu kimezimwa ambacho hakikupaswa kuzimwa. Karatasi hiyo ya uzito na idadi ibaki kando ya faili, na mtu yeyote atakayebadilisha asembli airudie hesabu hiyo kwa kila konfigurasheni kabla ya kuachia mchoro.